Baba hana cheti cha kifo, majina yamepishana, mdogo wangu anataka kuomba mkopo Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Tuanzie wapi?

Mmakua wa Mbagala

Habari za jioni wakuu. Maelezo ni marefu kidogo naomba mnivumilie. Nina mdogo wangu wa kike yupo Masasi kwa mama, kamaliza fom siksi mwaka huu PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kapata divisheni two, anataka uuguzi au ualimu wa sayansi, popote watakapompokea. Hela ya chuo hatuna kabisa. Mimi huku Dar naendesha bodaboda tena pikipiki ya mkataba, mama ana mikorosho michache na asubuhi anachoma vitumbua, yupo pia kwenye TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini. Kwa hiyo tegemeo letu ni mkopo wa Bodi tu, HESLB.

Sasa shida zetu. Baba alifariki 2016, alifia nyumbani kijijini, tukazika tukafanya arobaini mambo yakaisha, cheti cha kifo hakuna hata mmoja aliyekifikiria. Halafu cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kina majina mawili, lake na la baba, ila shuleni kote mpaka cheti cha fom foo ana matatu, la babu limeongezwa. Mama nae anaogopa kuwa mdhamini, majirani wamemwambia mtoto asipolipa serikali inakuja kuchukua mikorosho. Na kingine, fom wani mpaka fom foo alisomeshwa na mjomba shule ya binafsi (mjomba siku hizi hana kitu, biashara ilikufa), watu wananiambia hapo tu tumeshakatwa, ukisoma praiveti mkopo hupati.

Kuna jamaa wa steshenari huku kwetu kasema nimpe elfu hamsini anijazie kila kitu leo leo, nisihangaike na vyeti, ataweka wazazi wote wapo hai halafu tutarekebisha huko mbele ya safari. Nimpe? Maana Agosti hiyo inakimbia na dirisha likifungwa ndio basi tena mpaka mwakani.

Kipusa wa Udom

Usimpe hata mia. Kaka yangu, huyo jamaa anataka kumuua mdogo wako kabla hajafika chuo.

Ngoja nikueleze inavyokwenda maana mimi nipo mwaka wa tatu na nimeshawajazia fomu watoto wa mama wadogo na majirani hadi nimechoka. Pale Bodi hakuna mtu anayekaa kusoma stori yako akalia. Wanachoona ni vile vitu ulivyojaza kwenye OLAMS (mfumo wao wa maombi mtandaoni) na karatasi za kuvithibitisha. Ukisema yatima wa baba, wanataka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Ukisema kaya ipo TASAF, wanataka namba ya kaya. Ukisema mlemavu kuna fomu inasainiwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Ukisema ulifadhiliwa, kuna fomu ya ufadhili. Usiposema chochote, basi wewe ni mtoto mwenye baba na mama wazima aliyesoma shule ya ada, unataka wakuone vipi? Jamaa akiandika wazazi wote hai mdogo wako anapoteza kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo kwenye maombi yake. Na ukishabonyeza kutuma, "kurekebisha huko mbele" sio jambo la kulitegemea, anasaini kiapo mbele ya wakili kwamba aliyoyaandika ni kweli, sasa kesho unarudi kusema baba alishakufa 2016?

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza fomu iache kabisa, anza na cheti cha kifo. Kwa waliofia nyumbani mwanzo wake ni kwa mtendaji wa kijiji, huyo ndio anatoa tangazo la kifo, mama aende na mtu mzima mwingine anayekumbuka msiba, halafu wanalipeleka ofisi ya RITA ya wilaya, kwa Masasi ni hapo hapo ofisi za mkuu wa wilaya. Kifo cha zamani kinasajiliwa, ni usajili uliochelewa tu, kuna maswali zaidi na ada inapanda kidogo lakini kinasajiliwa. Mama abebe kitambulisho chake na kitu chochote chenye jina la baba, kadi ya kliniki, kadi ya chama cha msingi cha korosho, kadi ya kura, chochote.

Cheti kikitoka ndio mnafanya uhakiki, huo ni mtandaoni, unafungua akaunti kwenye mfumo wa RITA, unapandisha vyeti vyote viwili (cha kuzaliwa cha mtoto na cha kifo cha baba), unalipia kwa kontro namba, wakishajibu unapata namba ya uhakiki na hiyo ndio inaingia OLAMS. Watu wengi wanadhani kuwa na cheti inatosha. Haitoshi, lazima kihakikiwe. Na wiki za mwisho za Agosti nchi nzima inahakiki kwa wakati mmoja, hapo ndio utajua hujui.

Kijiwe Nongwa

Hahaha mnamdanganya mwenzenu. Mkopo bongo hii ni kujuana na bahati basi. Mtaani kwetu kuna mtoto wa bosi mmoja ana gari mbili nyumbani kapewa asilimia mia, jirani yake anakula mlo mmoja kakosa. Mwambie mdogo wako akachukue kozi ya ufundi VETA afanye kazi, hayo makaratasi mtazunguka mpaka mzeeke.

Kipusa wa Udom

@Kijiwe Nongwa VETA ni nzuri sijakataa, ila mwenye divisheni two PCB unamrudisha kwa sababu ya cheti kimoja ambacho kinapatikana wilayani? Na huyo wa mlo mmoja aliyekosa, uliziona karatasi zake? Mimi nimewaona wa aina hiyo wengi. Baba amefariki, cheti hana, akajaza "baba hajulikani alipo" ili apite haraka. Mtoto wa bosi anaweza kuwa na mlemavu nyumbani au ana mzazi mmoja, huwezi kujua ya ndani ya watu. Sisemi hakuna uonevu kabisa duniani, nasema huwezi kulalamika uonevu wakati hujapeleka ushahidi.

Steshenari Stendi

Mimi ndio hao hao watu wa steshenari mnaowasema lol, nipo karibu na stendi ya mkoa mmoja kusini, msimu wa mikopo ndio msimu wetu wa korosho. Naomba nimtetee mwenzangu halafu nimkandamize.

Kutetea: elfu hamsini sio wizi wote, ada ya maombi yenyewe ya Bodi ni 30,000 inalipwa kwa kontro namba, hairudishwi, hapo bado hajachapa hajaskani. Kumkandamiza: anayekwambia anamaliza leo leo bila vyeti anafanya kitu kimoja, anatumia namba yake ya simu na imeili yake kufungua akaunti ya mtoto. Hii nimeikuta mara nyingi sana. Mtoto anakuja kwangu Novemba analia, majina ya awamu ya kwanza yametoka, hawezi kuingia kwenye akaunti aangalie, neno la siri analo jamaa, jamaa kabadilisha laini, na ujumbe wa kufufua neno la siri unaenda kwenye simu ya jamaa. Kwa hiyo hata ukimlipa mtu akuandikie, laini iwe ya mdogo wako mwenyewe iliyosajiliwa kwa jina lake, imeili ifunguliwe kwenye simu yake mbele ya macho yake, na neno la siri aliandike kwenye daftari. Hiyo akaunti ataihangaikia miaka yote ya chuo.

Kingine usijaze huku Dar halafu ukatuma fomu kwa basi. Fomu ukishamaliza kujaza mtandaoni unaichapa, inasainiwa na watu wanne, mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Hao wote wapo Masasi. Nimeona fomu imetumwa kwa konda kutoka Dar ikafika imelowa supu ya pweza. Mtoto ajaze huko huko Masasi, asubuhi aende kijijini kwa mwenyekiti, mchana mahakama ya mwanzo, jioni anaskani.

Kwenye kuskani sasa hapo ndio watu wanachezea. Kurasa zenye saini na mihuri ndio zinarudishwa kwenye mfumo, mwongozo wa mwaka husika unataja ni ukurasa wa ngapi, msome. Usipige picha kwa simu mezani taa ikiwa nyuma yako, kivuli cha kichwa kinaangukia kwenye muhuri na muhuri wa kijiji wenyewe wino umekauka wanaupiga mara tatu hadi hausomeki. Mwambie mwenyekiti aweke wino kwanza. Ndio, mwambie, kwa heshima. Mwombe apige kwenye karatasi ya pembeni kwanza. Na picha ya mdhamini watu wanasahau, mama aje na paspoti saizi na nakala ya kitambulisho, kama NIDA bado hajapata cha mpiga kura kinafaa.

Ticha wa Mpanda

Naongelea hiyo ya mama na mikorosho kwa sababu mama yangu mimi nae alikataa kusaini kwa hofu hiyo hiyo, ikabidi aje shemeji.

Mikorosho haiwekwi rehani popote kwenye fomu. Mkopo wa Bodi hauna dhamana ya shamba wala nyumba kama wa benki. Mdhamini anasema namjua huyu, nitahakikisha analipa na mkimtafuta nitasema alipo. Ni wajibu kweli sio picha ya kupendezesha fomu, kwa hiyo mama asaini akijua anachosaini, lakini mtu wa kuja kung'oa mikorosho hayupo.

Kulipa kwenyewe kunakuwaje: akimaliza chuo kuna miezi 24 ya kupumua, lakini akiajiriwa mwajiri anaanza kumkata. Sheria ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, zamani ilikuwa 8 ikapandishwa 2016. Yaani kama mshahara wa msingi ni 800,000 basi 120,000 huioni kabisa, inaondoka kabla hujaijua. Sio siri inauma, mwezi wa kwanza nilipoona salari slipu nilikaa chini. Ambaye hajaajiriwa anajilipia mwenyewe, si chini ya laki moja kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi.

Ila kuna nafuu moja wengi wa mtaani hawaijui bado wanatisha watu kwa habari za zamani. Ile tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, ambayo ilikuwa inafanya deni linakua huku unalipa, ilifutwa 2021. Na ile faini ya asilimia 10 ya wachelewaji ikafutwa nayo mwaka huo. Wenzetu wa nyuma walikuwa wanalipa miaka mitano wakiangalia salio linapanda badala ya kushuka, yaani unakunywa maji ya bahari. Sasa hivi unalipa ulichokopa na ile asilimia moja ya uendeshaji.

Nimeandika kirefu ili mama aelezwe vizuri. Akishaelewa atasaini.

Bint Michenzani

Assalaam alaykum. Samahanini najipenyeza, mie wa Unguja, nimeona watu wanaandika RITA RITA, kwa Wazanzibari cheti kinahakikiwa ZCSRA (ndio wasajili wa huku) na fomu kwa huku anasaini sheha. Kuna mtu msimu uliopita alitumwa na rafiki yake wa bara kwenda kutafuta RITA hapa mjini, akazunguka Darajani na Malindi siku nzima masikini ya Mungu. Na sisi tuna bodi yetu pia ya Zanzibar, mtu asome masharti ya zote mbili kabla hajaamua.

Mmakua wa Mbagala

Asanteni sana sana, kumbe nilikuwa naenda kuanguka shimoni. Nimempigia mama usiku huu huu nimemsomea ya Ticha neno kwa neno, kasema "kama hawang'oi mikorosho nitasaini". Kesho anaenda kwa mtendaji na baba mdogo ambae ndio alisimamia mazishi.

Maswali yaliyobaki. Moja hilo la majina, wengine wananiambia kiapo cha mahakamani kinatosha. Mbili, hiyo ya shule ya binafsi. Tatu nimesikia kuna Samia Skolashipu ya watu wa sayansi bure bila kulipa, kwa nini asiombe hiyo tu aachane na deni?

Kipusa wa Udom

Samia Skolashipu ilianza mwaka wa masomo 2022/23, ni kwa waliofaulu juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi matokeo ya kidato cha sita. Wizara ya Elimu inatoa orodha ya wenye sifa, jina likiwepo ndio unaomba. Divisheni two hapana, tuambiane ukweli. Asiache mkopo kwa kusubiri hiyo. Kwa upande wa mkopo kozi alizochagua ni nzuri, afya na ualimu wa sayansi zimekuwa zikipewa kipaumbele na Bodi.

Na akikosa digrii kabisa, tangu 2023/24 wa stashahada nao wanakopeshwa kwa baadhi ya fani, afya ipo. Kwa hiyo diploma ya uuguzi sio mwisho wa dunia wala wa mkopo.

La majina namwachia anayejua sheria, mimi langu lilikuwa sawa.

Karani Mstaafu

Kijana, nimefanya kazi za vyeti na majalada maisha yangu yote, nikushauri polepole.

Kwanza weka hili kichwani: jina la cheti cha kidato cha nne ndilo jina la mtoto kwa mambo yote ya elimu. TCU (tume ya vyuo vikuu) wanalitumia, chuo kinalitumia, Bodi wanavuta taarifa kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Kwa hiyo usihangaike kubadili la shule, kinachotakiwa kusogea ni cheti cha kuzaliwa. Majina mawili kwenda matatu, lile la babu, hili ni jambo la kawaida mno nchi hii, hamkufanya dhambi.

Mnapokwenda wilayani kwa ajili ya cheti cha kifo, safari hiyo hiyo mchukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kumaliza darasa la saba na cha kidato cha nne, na mama awepo. Ulizeni dawati la RITA kuhusu marekebisho ya cheti. Watawaambia kwa hali yenu kinahitajika nini. Kiapo cha mahakamani ni maelezo tu kwamba huyu na yule ni mtu mmoja, kinasaidia. Hati ya jina iliyosajiliwa kwa msajili wa hati ina uzito zaidi ya kiapo. Lakini msikimbilie kulipa wakili kabla ya kuuliza dirishani, watu wanatapeliwa sana hapo, unalipishwa karatasi ambayo hukuihitaji.

Na jambo ambalo vijana hamliangalii. Jina la baba kwenye cheti cha kifo lifanane na jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Herufi kwa herufi. Marehemu kijijini alikuwa anaitwa jina la utani, mtendaji anamjua kwa jina hilo, anaandika hilo kwenye tangazo, linahamia kwenye cheti, na hapo mmetengeneza tatizo jipya kwa mkono wenu. Mama aende kwa mtendaji na cheti cha mtoto mkononi amwonyeshe, "baba yake ameandikwa hivi". Kama ni Saidi iwe Saidi pande zote, isiwe huku Saidi kule Said.

Mmakua wa Mbagala

Mzee wangu shikamoo. Umenistua, maana baba alikuwa anajulikana kama Mzee Chinduli kijiji kizima na jina hilo halipo popote kwenye karatasi. Nampigia mama sasa hivi kabla hajalala.

Karani Mstaafu

Marahaba. Piga.

Steshenari Stendi

Nimecheka kwa uchungu. Mzee Chinduli angezaa cheti chake.

Hiyo ya shule ya binafsi: sio kweli kwamba ukisoma praiveti umekatwa moja kwa moja. Wanachofanya ni kuangalia familia ililipa ada gani huko nyuma, wanasema kama uliweza kumlipia mtoto milioni na kitu kwa mwaka sekondari basi chuo nako una uwezo wa kuchangia kiasi. Ndio maana kuna ile fomu ya ufadhili, inatoka kwenye mfumo wenyewe, mjomba anaijaza na kusaini kwamba mimi ndie nililipa ada, wala sio mzazi. Kama shule yenyewe ilimpa nafuu ya ada nayo isaini. Na risiti za ada zenye jina la mjomba kama zipo mziweke karibu. Mjomba akisema nimeshamsomesha inatosha msinisumbue, mwelewesheni kwamba hiyo saini haimdai hela yoyote, anaeleza tu ya nyuma. Wajomba wengi wanakimbia hiyo karatasi wakidhani wanafungwa kulipa na chuo.

Kijiwe Nongwa

Haya nimesoma yote. Ila hamjamwambia kuhusu hela yenyewe. Wanafikiri mkopo ni kila kitu.

Kipusa wa Udom

Hapo umesema la maana leo. Mkopo una vipande. Kuna chakula na malazi ambayo ndio bumu, 10,000 kwa siku (zamani ilikuwa 8,500, ndio ile bumu ya 510,000 ambayo kaka zetu waliiimba), kuna ada ya chuo, kuna vitabu na steshenari 200,000 kwa mwaka, kuna mahitaji maalumu ya kitivo, kuna mafunzo ya vitendo. Unaweza kupata bumu kamili lakini ada ukapewa nusu, au ada usipewe kabisa. Hilo baki ni lenu. Na bumu la kwanza halikusubiri mlangoni, mtoto anaripoti chuo, anasajiliwa, anasaini kwa kidole, ndipo inakuja. Kwa hiyo wiki za mwanzo awe na hela ya kula ya kwake, godoro, ndoo, na kianzio cha ada kama chuo chake kinadai kianzio. Kaka bodaboda hapo ndio pa kuweka nguvu zako kuanzia leo, hiyo elfu hamsini ya jamaa iweke pembeni kwa ajili ya Oktoba.

Halafu majina yanatoka kwa awamu. Akikosa ya kwanza asizimie, zinatoka nyingine. Na zikiisha dirisha la rufaa hufunguliwa, mwenye nyaraka mpya au aliyepewa kidogo anaomba tena waangalie. Kila kitu kinaonekana kwenye akaunti yake iitwayo SIPA, hakuna haja ya kulipa mtu "wa ndani".

La mwisho, mkopo hautoi chuo. Aombe chuo kivyake sasa hivi wakati vyeti vinashughulikiwa, akipokelewa zaidi ya kimoja athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwa meseji. Nimeona binti kapata vyuo vitatu akakaa kimya anasubiri mkopo uje ndio achague. Bodi wanampangia mtu mwenye chuo kilichothibitishwa.

Bint Michenzani

Hiyo meseji ya kuthibitisha ndio nyingine ya kuangalia namba ya simu. Ikienda kwa mwenye steshenari shughuli imekwisha.

Mmakua wa Mbagala

Apdeti wakuu. Mama na baba mdogo wametoka kwa mtendaji, tangazo limeandikwa jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha mtoto, Chinduli haimo. Mtendaji alibisha kidogo akasema yeye hamjui mtu wa jina hilo, mama akamwambia huyo ndie aliyekuchimbia kisima, akaandika. Jumatatu wanaenda wilayani na vyeti vyote kama mzee alivyosema. Mdogo wangu kasajili laini yake leo na imeili kafungua mwenyewe.

Mjomba tu ndio simu hapokei. Fomu ya ufadhili inaweza kusainiwa na mke wake?

Steshenari Stendi

Aliyelipa ndie anasaini, jina lake ndio lipo kwenye risiti. Mke wake mtumie kumshika mjomba akiwa anakula. Mdogo wako aiprinti fomu kabisa aende nayo na kalamu.

Mmakua wa Mbagala

Anaenda Jumapili mchana, mama mkubwa kasema siku hiyo kuna ubwabwa, mjomba hawezi kutoka nyumbani.